Vidonda vya tumbo na mitishamba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara (soma kabla hujachemsha kitu)

Naandika hii maana inboksi imejaa na maswali ni yale yale, na pale mezani kwangu Ilala napouza viungo na majani ni yale yale tena, mtu anafika ameshika tumbo anasema dada nipe kitu cha alsa. Mimi sio daktari. Ni muuza majani niliyefundishwa na bibi, ila nasoma sana na nina mdogo wangu nesi ambaye hanipi nafasi ya kudanganya watu. Jibu likiwa refu ujue swali lina mambo mengi, likiwa fupi ujue hamna cha kuongeza.

Nina alsa, nipe jani moja linaloponya kabisa

Na mimi nakuuliza, umepima? Watu wengi wanaokuja wanasema wana alsa kwa sababu tumbo linawaka tu, na tumbo kuwaka kuna sababu nyingi, kuna kiungulia cha kawaida, kuna gesi, kuna mawe kwenye nyongo, hata moyo wakati mwingine unauma pale pale chembe ya moyo. Kidonda cha tumbo ni kidonda kweli, shimo kwenye ngozi ya ndani ya tumbo au kwenye kipande cha kwanza cha utumbo mdogo, na kwa sehemu kubwa kinaletwa na vitu viwili. Cha kwanza ni bakteria anaitwa H. pylori. Cha pili ni dawa za maumivu, diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na ndugu zao.

Zamani madaktari nao walikuwa wanasema ni mawazo na pilipili. Waliobadilisha hiyo stori ni Waaustralia wawili wa Perth, Barry Marshall na Robin Warren, walimkuta huyo bakteria kwenye matumbo ya wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 80, watu wakawacheka wakisema hakuna kiumbe kinachoishi kwenye asidi ile, basi mwaka 1984 Marshall akachukua kikombe chenye bakteria wenyewe akanywa. Akaumwa kweli, kichefuchefu, kutapika, walipompima wakakuta tumbo limevimba ndani na bakteria wamejaa. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel wote wawili. Nawasimulia sana wateja hii habari kwa sababu ukishaielewa huwezi tena kuniuliza jani moja la kila alsa, unaanza kuuliza yangu imeletwa na nini.

Kwaiyo majani hayana kazi?

Yana kazi, ndio maana nayauza. Tumbo lina asidi kali sana na halijichomi kwa sababu limejipaka ute mzito ndani, chini ya ute kuna kitu cha kupooza asidi, na damu inapita pale kwa wingi kukarabati kila kinachochubuka. Diklofenaki inaua ule mfumo unaotengeneza ute. H. pylori yeye anajichimbia chini ya ute, anatengeneza kimeng'enya cha kupooza asidi inayomzunguka, alafu anakaa hapo miaka na miaka anauchokonoa ukuta. Mimea mingi tunayotumia inasaidia upande wa kulinda, mingine inaongeza ute, mingine yenyewe inateleza na kupaka juu ya kidonda, mingine inapunguza asidi kidogo. Kumng'oa H. pylori chini kule ni kazi nyingine kabisa na hapo ndio majani mengi yanaishia njiani.

Na usiniulize "mbona jirani yangu kapona kwa majani tu". Inawezekana. Vidonda vingine vinafunga vyenyewe alafu vinarudi baada ya miezi, kwa sababu mdudu bado yupo.

Unga wa ndizi mbichi ni kweli au ni story za mtandaoni?

Huu ndio mimi naupenda kuliko yote, na sio kwa sababu nauuza. Ndizi mbichi za kupika, mzuzu hasa, zimechunguzwa miaka mingi. Wahindi na Waingereza waliwapa panya aspirini ili wapate vidonda, wale waliokula unga wa ndizi mbichi wakapata vidonda vichache, na ukuta wa tumbo ukawa mnene. Baadae Waingereza wakakitoa kabisa kitu kinachofanya kazi ndani ya ndizi, kinaitwa leukosianidini. Ndizi iliyoiva haikufanya hivyo, kwaiyo wewe unayekula ndizi mbivu asubuhi ukidhani unajitibu, kula tu kwa njaa. Kwa binadamu kulikuwa na jaribio dogo India mwaka 1990, kwa watu ambao tumbo linawasumbua ila hawana kidonda, wengi walipata nafuu. Panya ni panya na jaribio dogo ni dogo, sikufichi.

Namna ya kutengeneza. Nenda Mahakama ya Ndizi pale Mabibo asubuhi, chagua mzuzu wa kijani kabisa, ukibonyeza usikie mgumu. Paka mafuta mikononi kabla hujaanza kumenya maana utomvu wake ukikukamata vidole na kisu vinakuwa vyeusi siku mbili. Menya kwa kisu, katakata vipande vyembamba sana, vyembamba kweli yani uone mwanga ukiinua, tandaza kwenye ungo, funika na neti ya mbu ile iliyochakaa usafiri wa nzi ukatike, anika juani. Kwa jua la Dar la Januari zinakauka haraka, kipindi cha masika usihangaike, utapata ukungu, na ukungu kwenye unga ni sumu sio dawa. Kipande kikivunjika na kulia kah! basi kimekauka. Twanga, chekecha, weka kwenye chupa kavu. Kijiko kimoja cha chakula kwenye uji uliopoa kidogo au maji ya uvuguvugu, nusu saa kabla ya kula. Una mawe ya figo au ugonjwa wa figo? Usianze bila kumuuliza daktari, ndizi ina potasiamu nyingi.

Juisi ya kabichi je?

Hii ina historia. Daktari mmoja wa California, Garnett Cheney, mwaka 1949 aliandika kuhusu wagonjwa 13 aliowanywesha juisi mbichi ya kabichi karibu lita nzima kwa siku, na vidonda vikafunga haraka kuliko ilivyozoeleka, kwa wengi ni siku kumi hivi. Akasema kuna kitu ndani yake akakiita vitamini U. Sio vitamini kweli, jina limebaki tu. Tatizo wagonjwa ni 13 na hakukuwa na kundi lingine la kulinganisha nalo, alafu lita moja ya kabichi mbichi kila siku, wewe jaribu uniambie jioni tumbo linapigaje kelele.

Ukitaka kujaribu tumia kabichi fresh, za Lushoto zinakuja kila siku sokoni, osha jani moja moja kwa maji yanayotiririka, saga kwenye blenda na maji kidogo, chuja, kunywa hapo hapo nusu glasi kabla ya chakula. Ukiichemsha yule daktari alisema nguvu inaisha. Ukijaa gesi punguza au acha.

Alovera nakunywa yote au natoa nini?

Hapa watu wanajiumiza sana. Jani la alovera lina vitu viwili, maji ya njano yaliyopo chini ya ngozi na jeli nyeupe ya katikati. Yale ya njano ndio shubiri yenyewe, machungu ya kutisha, yanaharisha vibaya na kukamua tumbo, ukiwa na mimba usiyaguse kabisa. Jeli ndio inateleza na kupoza.

Kata jani chini kwenye shina, lisimamishe kwenye glasi mkato ukiangalia chini, utaona maji ya njano yanashuka taratibu, yaache mpaka yaishe kushuka, usiwe na haraka, alafu osha. Kata miiba ya pembeni, chuna ngozi ya juu kwa kisu kikali, chota jeli, ioshe tena mpaka ile njano njano iishe kabisa, onja kidogo kwa ncha ya ulimi, ikiwa chungu bado hujaosha vizuri. Vijiko viwili vitatu vinatosha. Mwenye sukari anayetumia vidonge awe makini maana inaweza kushusha sukari zaidi.

Na sio kila kinachofanana na alovera ni alovera, barabarani watu wanapanda maua ya aina nyingi yenye majani manene. Kama hujui, usikate.

Bamia na mlenda?

Kula. Watafiti wa Ujerumani walichukua maji ya bamia wakayaweka pamoja na H. pylori na vipande vya ukuta wa tumbo la binadamu, wakaona bakteria wanashindwa kujishika pale ukutani. Hiyo ni maabara, na bakteria ambaye tayari ameshajichimbia kwako hatoki kwa sahani ya bamia. Ila kama mboga ya mtu mwenye tumbo bovu hakuna bora kuliko bamia na mlenda, ni laini, zinateleza, hazichubui, na bei yake unaijua. Usitie magadi mengi tu.

Magadi ndio yananituliza mimi, mbona unayakataza?

Yanakutuliza kwa dakika chache kwa sababu yanapooza asidi, alafu asidi inarudi na gesi juu. Ukizoea kila siku unameza chumvi ya kutosha kupandisha presha. Na jambo baya zaidi, yanakufanya usiende kupima.

Maziwa?

Hivyo hivyo. Yakishuka unajisikia raha, alafu protini na kalsiamu iliyomo inaliambia tumbo litoe asidi zaidi. Kunywa kama chakula, usinywe kama dawa. Mtindi kwa anayemeza antibayotiki unasaidia tumbo lisiharishe sana.

Habat soda inaua H. pylori?

Swali la wateja wangu wote wa Kariakoo na ndugu zetu wa Unguja. Kuna utafiti mzuri kidogo wa mwaka 2010, kwa watu 88 wenye H. pylori. Wengine walipewa dawa za hospitali kamili, wengine unga wa habat soda pamoja na omeprazo, kidonge cha kupunguza asidi. Kundi la gramu 2 kwa siku, wawili katika kila watatu walipona, kundi la hospitali walikuwa wanane katika kila kumi na ushee. Sasa angalieni vizuri, wale wa habat soda nao walikuwa wanameza omeprazo, hawakula habat soda peke yake. Na cha kushangaza waliokula gramu 3 walipona wachache kuliko wa gramu 2, kwaiyo wewe unayebugia vijiko ukidhani nyingi ndio nzuri, punguza. Gramu 2 ni kama kijiko kidogo cha chai kisichojaa, saga ile siku unayotumia, changanya na asali.

Ina nguvu ya kushusha presha na sukari, ukiwa unatumia dawa za hivyo vitu mwambie daktari wako.

Kitunguu swaumu kibichi asubuhi kabla ya kula kitu?

Hapana. Kwenye maabara kinaua H. pylori ndio, ila Houston Marekani mwaka 1999 waliwalisha watu wenye bakteria hao kitunguu swaumu kibichi na mlo, wakapima, hamna kilichobadilika. Alafu kwenye tumbo lenye kidonda kibichi kinachoma. Kipike kwenye mboga, inatosha.

Manjano?

Thailand ndio wameyachunguza sana. Mwaka 2023 walitoa majibu ya watu 206, wengine walipewa kurikumini ambayo ndio kitu cha njano ndani ya manjano, wengine omeprazo, wengine vyote viwili, na nafuu ikawa inalingana. Mitandaoni ikaenea kwamba manjano ni sawa na omeprazo kwa alsa. Sio. Wale watu walikuwa na tumbo linalosumbua bila kidonda. Kuna jaribio jingine la huko huko la watu wenye vidonda kabisa, dawa ya maji ya kupooza asidi ikayashinda manjano. Kwaiyo ukiwa na tumbo la kujaa na kuunguza na umeshapimwa ukaambiwa huna kidonda, manjano ni chaguo la maana. Mwenye mawe kwenye nyongo asitumie, na anayetumia dawa za kuyeyusha damu asitumie.

Nunua mzizi usage mwenyewe. Unga wa njano kali sana unaouzwa kwa bei ya chini mimi siuamini.

Urukususu, ule mzizi mtamu?

Hatari na faida vyote vinakaa hapo. Mwaka 1946 daktari wa Uholanzi, Revers, aligundua wagonjwa wa vidonda walikuwa wanapona kwa dawa ya urukususu ya mfamasia mmoja wa huko, akaijaribu, vidonda vikawa vinafunga kweli, ila baadhi ya wagonjwa wakaanza kuvimba uso na miguu. Waingereza wakaja kutengeneza kidonge kutokana na huo mzizi, kabenoksoloni, kikatumika miaka ya 60 na 70, kikaponya vidonda na kuleta matatizo yale yale, mwili unashika maji na chumvi, potasiamu inashuka, presha inapanda. Zilipokuja dawa mpya kikawekwa pembeni.

Kwaiyo ukiwa na presha, mimi sikuuzii. Umri ukishaenda na hujawahi kupima presha, nenda kapime ndio urudi. Mjamzito hapana. Na kwa mzima ni kwa muda mfupi tu, kipande kidogo kwenye chai, sio kutafuna mchana kutwa mwezi mzima kama nilivyoona watu wanafanya.

Mwarobaini?

Kuna kitu pale lakini sio unavyotumia wewe. Kolkata, India, mwaka 2004 walichapisha jaribio dogo kwa watu, walitumia magome, wakayatoa maji yake wakakausha ukawa unga, dozi ilikuwa miligramu 30 mpaka 60 asubuhi na jioni, asidi ikashuka sana na vidonda vya wachache waliofuatiliwa wiki 10 vikafunga karibu vyote. Miligramu 30 ni kiasi kidogo mno, chembe tu ya unga kwenye ncha ya kidole. Sasa wewe unachemsha sufuria zima la majani, sio magome, unakunywa glasi ya bia. Hujui umekunywa kiasi gani na ini lako halijui pia. Mwanamke anayetafuta mtoto au mjamzito aache kabisa, na mafuta yake mtoto asipewe kamwe, yamewahi kuua watoto.

Mlonge, asali, tangawizi, mbegu za papai, nijibu zote kwa pamoja

Mlonge kwa panya unalinda tumbo, kwa binadamu kama chakula ni mzuri, kula majani yake kama mboga. Asali inatuliza na inaendana na vitu vingine, kijiko kimoja, mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe. Tangawizi ni ya kichefuchefu, wengine inawaongezea kiungulia, jisikilize. Mbegu za papai ni chungu na kali, sioni sababu ya kuziweka kwenye kidonda, na papai bichi mjamzito akae nalo mbali.

Niache pilipili?

Pilipili haileti kidonda. Singapore waliwahi kuwapa watu waliojitolea pilipili kabla ya kuwapa aspirini, wakaingiza kamera, wakaona waliokula pilipili tumbo limechubuka kidogo kuliko wasiokula. Ila kidonda kikishakuwepo pilipili inauma, kwaiyo ukiwa unaumwa acha, ukipona urudi kwenye urojo wako. Sigara na gongo ndio za kuacha moja kwa moja, sigara hasa, kidonda cha mvutaji kinachelewa kufunga.

Mimi sina huyo bakteria, kwanini bado naumwa?

Nitajie dawa unazomeza. Asilimia kubwa ya hili swali inaishia kwenye diklofenaki. Bodaboda mgongo unauma, mama ntilie magoti, fundi ujenzi kila kitu, wanaingia duka la dawa wanakata vidonge vinne vya diklofenaki, wanameza bila kula, kesho tena, na wanasema vinasaidia. Vinasaidia mgongo, tumbo linalipa. Kuchomwa sindano badala ya kumeza haikuokoi maana inaharibu ute kupitia kwenye damu. Kwa maumivu ya kawaida ulizia parasetamo, na kama daktari ndio kakuandikia diklofenaki au aspirini ya moyo usiache kienyeji, mwambie una historia ya vidonda akuongezee dawa ya kulinda tumbo.

Na kuna hili halisemwi sana. Dawa za chupa za asili za mgongo na viungo, zile zinazotuliza ndani ya saa moja, jiulize kwanini jani lifanye kazi haraka vile. Sehemu nyingi duniani dawa kama hizo zikipelekwa maabara zinakutwa zimechanganywa na diklofenaki au steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe, kimya kimya. Kwaiyo mtu anaweza kuwa anakunywa dawa ya asili ya alsa asubuhi, na jioni anakunywa dawa ya asili inayomletea alsa.

Nipime nini, na wapi?

Hospitali za rufaa zetu, Amana, Mwananyamala, Temeke, anzia huko, au kituo cha afya kilicho karibu. Omba kipimo cha H. pylori cha choo au cha pumzi. Kile cha damu cha kutoboa kidole kinaangalia kinga za mwili, na kinga zinaweza kubaki muda mrefu baada ya bakteria kufa, kwaiyo ulishatibiwa mwaka jana ukipima damu leo unaambiwa bado unao, unapewa dozi tena ya bure. Hii inawatokea wengi mno hapa mjini.

Kabla ya kipimo cha choo au pumzi, omeprazo na ndugu zake uwe umeacha wiki mbili, antibayotiki wiki nne, la sivyo majibu yanadanganya. Lakini kama umeandikiwa hizo dawa kwa sababu ulitoka damu usiache bila kuuliza. Kamera ya kumeza wanakuandikia ukiwa na umri mkubwa au dalili mbaya, inatisha kuiwaza kuliko kuifanya.

Ukikutwa nao usilie, karibu nusu ya watu duniani wamewahi kukadiriwa kuwa nao na wengi hawapati kidonda maisha yao yote. Ila usidharau pia maana Shirika la Afya Duniani kupitia taasisi yake ya saratani lilimuweka H. pylori kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1994.

Dozi ya hospitali inanichosha, nimeimeza siku tano nikapata nafuu nikaacha, sasa nimalizie na majani

Usifanye hivyo mtu wangu. Dozi ni antibayotiki mbili na kidonge cha kupunguza asidi, mara nyingi siku 14, mdomo unakuwa mchungu, tumbo linaharisha, najua. Ukiacha siku ya tano umewaacha wale wagumu wazaliane, na safari ijayo dawa hiyo haiwashiki. Maliza zote, alafu wiki nne baada ya kumaliza rudia kipimo.

Naweza kuchanganya majani na vidonge?

Vitu vinavyoteleza, jeli ya alovera, unga wa ndizi, bamia kwa wingi, vinaweza kuchelewesha vidonge kuingia mwilini, acha saa mbili katikati. Urukususu usichanganye na dawa za presha wala za moyo. Anayetumia dawa za kila siku, ARV, sukari, kifafa, dawa za kuyeyusha damu, amuulize mfamasia kabla hajaninunulia chochote, sitachukia.

Dalili gani nisikae nyumbani na majani?

Choo cheusi cha kunata kama lami. Kutapika damu au vitu vinavyofanana na unga wa kahawa. Maumivu makali ya ghafla na tumbo kukakamaa. Kuzimia, jasho baridi. Hapo ni hospitali sasa hivi, bajaji, bodaboda, chochote, usinipigie simu mimi. Kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama, au kuambiwa huna damu, hizo nazo wiki hiyo hiyo uwe umeonwa.

Kuna mzee anauza dawa moja inatibu alsa, sukari, presha, nguvu za kiume na kansa

Mwaka 2011 nchi nzima ilipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu Mwasapile kwa shilingi 500, watu waliacha dozi zao hospitali wakaenda, na sote tunajua majirani waliorudi na magonjwa yao. Simtukani marehemu. Ila dawa ikitajiwa magonjwa matano usinunue.

Muulize kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lipo kwa sheria namba 23 ya mwaka 2002, na kama dawa yake imepita kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Wataalamu wenyewe wa mimea wapo Muhimbili, kuna Taasisi ya Tiba Asili pale chuoni, kazi hiyo wameianza tangu 1974 kikiwa kitengo tu. Sio kwamba hospitali inachukia majani.

Nifunge Ramadhani nikiwa na vidonda?

Kidonda kikiwa kibichi, muulize daktari, na dini imekupa ruhusa ukiwa mgonjwa. Kikiwa kimepona wengi wanafunga bila shida, tatizo ni kufungulia bajia na pilipili tumbo likiwa tupu. Anza na tende na uji.

Mnatuma mikoani?

Unga wa ndizi na habat soda natuma kwa basi, unalipia mzigo ukipokea. Alovera siitumi, inafika imeoza, omba jani kwa jirani aliyeipanda kwenye chungu cha maua. Urukususu siutumi kwa mtu ambaye hajaniambia presha yake inasoma ngapi, na usinidanganye.